Shangazi, hilo jibu la maabara halijafunga shauri

Shikamoo shangazi,

Nimesikia huko soko la samaki la Feri mmeshapongezana: kinyama kilichokatwa kooni kimerudi hakina saratani. Alhamdulillahi. Lakini sauti yako kwenye simu bado inakwaruza, na mnadani siku hizi unanadiwa samaki na watu wengine. Wewe! Naandika hadharani kwa kuwa wenye karatasi kama yako kabatini ni wengi.

Kazi yangu ya maabara unaijua. Vinyama hivyo vinatufikia ndani ya kichupa cha fomalini, dawa ya kuhifadhi, vingine vidogo kama punje ya mchele. Tunavigandisha kwenye nta, tunavikata vipande vyembamba vya mikroni 4 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), tunavitia rangi. Daktari wa patholojia, anayechunguza vinyama kwa hadubini, anasoma alicholetewa, basi. Karatasi yako inasema utando wa juu ni wa kawaida. Daktari wa koo naye aliandika kwamba kwa kamera ameona uvimbe wa mviringo, utando wake mzima. Ukiyasoma pamoja, maana yake koleo la kukatia kinyama halikufika kwenye uvimbe wenyewe.

Zipo aina adimu za uvimbe zinazojificha chini ya utando. Shwanoma huota kwenye ala ya neva, mara nyingi juu kidogo ya nyuzi za sauti. Kondroma hutokana na gegedu, hasa upande wa nyuma wa zoloto (kisanduku cha sauti), na ni ngumu kiasi kwamba koleo huambulia utando tu. CT skani, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, ndiyo huonyesha vidoa vyake vya chokaa. Nyingine zimejaa mishipa ya damu, ukizidonoa kabla ya kupiga picha unajitafutia balaa. Na iko moja ya seli zenye chembechembe, hiyo ndiyo inayotutoa jasho: utando juu yake hunenepa ukafanana na saratani, kwa hiyo sampuli ya juujuu inaweza kumtia mtu kwenye matibabu ya ugonjwa asio nao.

Kwa hiyo rudi kwa daktari, uliza habari ya CT skani kwanza, halafu sampuli ya ndani ukiwa kwenye nusukaputi. Tangawizi kunywa, sikukatazi, ila uvimbe hauusikii. Hata usio wa saratani unakaa kwenye njia ya hewa. Pumzi ikianza kupiga mluzi, usingoje tarehe ya kliniki, nenda usiku huohuo.

Jumatatu navuka na pantoni ya asubuhi kukufuata. Karatasi zote ziwe kwenye mfuko mmoja, na CD ya kamera kama walikupa.