Barua kutoka bonde la Koyukuk

Bonde la mto Koyukuk, Alaska
Desemba

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Leo tumetimiza wiki tangu tuhamie huku. Simu haishiki mtandao kabisa, kwa hiyo nakuandikia kwa mkono, na shemejio ataituma barua hii akipita posta. Sisi wazima, alhamdulillah. Taa ya mafuta iko mbele yangu tangu alasiri, na jiko la kuni liko mgongoni. Ukisikia nimekatisha maneno, ujue nimeinuka kuongeza gogo.

Shemejio ameanza kazi yake ya ufundi wa malori kwenye barabara ya Dalton. Ina urefu wa kilomita 666, ilichongwa mwaka 1974 kwa ajili ya kulijenga bomba la mafuta, na mpaka leo wengi wanaoipita ni madereva wa malori. Ukitoka Coldfoot kwenda mpaka mwisho wake, kule Deadhorse, unakwenda zaidi ya kilomita 380 bila kukuta kituo hata kimoja cha mafuta. Kwa hiyo yeye anaondoka usiku, anarudi usiku, na mchana kutwa niko peke yangu na msitu.

Mchana wenyewe, somo, ni jina tu. Tuko juu ya duara ya Aktiki, ule mstari wa kaskazini ya dunia ambao ukiuvuka kuna siku za baridi jua halichomozi, na milima ya Brooks imetuzunguka, kwa hiyo jua wakati huu halionekani. Kuanzia kama saa nne na nusu asubuhi kunapambazuka rangi ya samawati, halafu ya waridi kwenye vilele, na ikifika saa tisa na nusu alasiri kumekwisha. Tangu utoto nikisikia neno kaskazini nilikuwa nasikia upepo wa kaskazi. Najua mwezi huu unavuma hapo Raskazone, Tanga, mnalala madirisha wazi, majahazi yanakuja nao. Neno ni lilelile, na mimi sasa naishi ndani ya kaskazini nyingine kabisa.

Lakini ninachotaka kukueleza hasa ni habari ya jasho.

Siku ya tatu kipimo kilisoma nyuzi 38 chini ya sifuri. Nikasema sitakaa ndani nimngoje mume aje anipasulie kuni, mimi mtoto wa shamba. Nikavaa kila nilichonacho, na ndani kabisa nikajifunga ile kanga uliyonipa stendi siku ya kuondoka. Nikachukua shoka. Kuni za huku ni za mibetula, yenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, na mispruzi, jamaa ya misonobari yetu. Zikiganda hupasuka upesi: unagusa tu, pande mbili. Nikanogewa. Nikapasua kama nusu saa bila kupumzika, jasho likanitiririka mgongoni, nami nafurahi, maana sisi tumelelewa kwamba jasho ndiyo kazi yenyewe. Mtu hasifiwi kwetu mpaka atoke jasho.

Nikaweka shoka chini nizipange kuni. Haikupita dakika tano, baridi ikaniingia ikitokea ndani, si nje. Mgongo ukawa kama umemwagiwa maji ya kisima. Vidole havikunji. Nilitaka kufungua mlango nikawa nausukuma kwa bega, akili imekuwa nzito, nimesahau kwamba unavutwa. Hilo la kusahau ndilo lililoniogopesha kuliko baridi yenyewe.

Mungu hamtupi mja wake. Bibi mmoja jirani yetu, mama mtu mzima aliyeishi bonde hili miaka mingi, alikuwa anakuja na pikipiki yake ya theluji kutuletea samaki. Alinikuta mlangoni, akanivuta ndani, akanivua mpaka akaifikia kanga. Akaikamua, somo. Maji yakadondoka sakafuni. Akanivika fulana yake ya sufu, akanipa chai ya moto yenye sukari nyingi, akaketi mpaka nikaacha kutetemeka. Ndipo akanieleza: pamba hunywa jasho na kulishika mwilini, na mwili uliolowa hupoteza joto upesi mno. Sufu hata ikilowa bado inahifadhi joto. Na kazi ya nje hufanywa polepole. Ukianza tu kusikia joto, unavua koti kabla jasho halijaja, siyo baada yake. Akasema yeye akitoka nyumbani huwa anasikia baridi kidogo makusudi.

Nimeyawaza maneno hayo siku nne. Haraka haraka haina baraka tuliisema wenyewe tangu chekechea, na sikuwahi kuona mahali ambapo mtu anaweza kuilipia kwa roho. Sasa napasua magogo kumi, nasimama, nalegeza vifungo, napumua, naendelea. Kanga yako naivaa ndani ya nyumba. Siku ile niliianika karibu na mlango, upindo uliogusa ubao wa chini ukakakamaa kama bati, na maandishi yake yakabaki yananitazama: usisafirie nyota ya mwenzio.

Maji nayo yana elimu yake. Mtoni kuna tundu tulilotoboa kwenye barafu, lakini kukiwa na upepo nayeyusha theluji. Jaribio la kwanza nilijaza sufuria theluji tupu nikaiweka motoni, ikatoa harufu ya kuungua na maji yakawa na ladha ya moshi. Kumbe unatanguliza maji kidogo chini, kama unavyotanguliza ya ugali, ndipo unaongeza theluji taratibu. Ndoo nzima iliyofura inakupa maji ya vikombe tu. Maji ya kuogea nayapima kwa kopo, na sijamwaga tone bila kulifikiria. Hata majivu ya jiko hayatupwi: tunayanyunyiza njiani tusiteleze.

Uliniuliza kuhusu sala. Bila jua, utaijuaje adhuhuri, utaijuaje magharibi? Wanazuoni wamewaruhusu watu wa nchi kama hizi kukadiria kwa mji wa jirani au kwa Makka, nasi tunafuata saa za mji wa kusini mwetu. Ila kuna jambo lililonitoa machozi. Nilipotafuta kibla nilidhani kitakuwa upande nisioujua. Kumbe kutoka hapa njia fupi ya kwenda Makka inapita karibu na ncha ya dunia, kwa hiyo tunaelekea kaskazini, tukipinda kidogo tu magharibi. Na Tanga tunaelekea kaskazini vilevile! Natandika mswala, naelekea upande uleule niliofundishwa na marehemu bibi, ila mbele yangu badala ya ukuta wa chokaa kuna dirisha, na nyuma ya dirisha mispruzi imeinamishwa na theluji.

Jana usiku mianga ya kaskazini ilitokea, ya kijani, ikipeperuka kama pazia. Nilitoka nikaitazama kwa dakika chache tu, kisha nikarudi ndani.

Nyumba hii tuliikuta haina kufuli. Aliyehama alikuwa ametuachia vijiti vikavu, gome la mbetula na kiberiti vimepangwa tayari jikoni, ndani ya jiko lenyewe, ili atakayeingia amebaridika awashe tu. Ndiyo desturi yao huku. Nami kila jioni kabla ya kulala naandaa vya kesho hivyohivyo.

Nisalimie mama, na mwambie ile dawa ya mafua aliyonifungia bado sijaihitaji. Ukijibu, nieleze habari za bahari kwa urefu. Gogo limekwisha, naenda kuchukua jingine.

Ni mimi, somo wako