Pikipiki ya mwinjilisti ikabidhiwe na cheni yake

Mhariri,

Mavuno yakishaingia, sharika na parokia nyingi za mjini huchangia umisionari. Pikipiki hununuliwa, hufungwa utepe, hubarikiwa mbele ya madhabahu, kisha hupelekwa kwa Wamasai wa Simanjiro, Kiteto au Longido kwa mwinjilisti au katekista mwenye vituo vitano sita vya kuzungukia. Naomba nafasi niwaeleze wachangiaji kinachofuata utepe ukishafunguliwa, maana kazi hii naipenda na inaniuma ikikwama kwa ajili ya cheni.

Pikipiki ya CC 125 hutumia lita moja kwa kilomita 40 hivi kwenye changarawe. Mchangani hushuka hadi 30 au chini ya hapo. Mzunguko wa kilomita 120 kwa wiki unataka lita nne, na mara nyingi hakuna aliyezitenga. Mwinjilisti hununua petroli ya chupani kando ya njia, na pengine imechanganywa na mafuta ya taa: moshi mzito, plagi nyeusi, asubuhi injini haiwaki. Lakini adui mkubwa ni vumbi. Likikutana na oili kwenye cheni hugeuka msasa. Cheni isuguliwe kila wiki kwa brashi na mafuta ya taa, ipakwe oili kidogo, na ukiibonyeza katikati icheze sentimita mbili au tatu tu. Ikichakaa, ibadilishwe pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika haifiki mbali. Chujio la hewa la sponji lioshwe kwa sabuni, likauke, lipakwe oili na kukamuliwa. Wapo wanaolitoa kabisa ili injini ipumue, na vumbi huingia moja kwa moja kwenye silinda. Ringi zikilika, injini huanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Oili yenyewe, kama lita moja, imwagwe na kuwekwa mpya kila kilomita 1,500.

Miiba ya migunga haina huruma. Kwenye mkoba ziwepo tyubu mbili, viraka, gundi, pampu, vyuma vya kubandulia tairi, plagi na kiungo cha cheni, kwa kuwa fundi yuko kilomita 50. Masika, udongo mweusi wa mbugani hujaa kati ya tairi na madigadi ya mbele mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Madigadi ipandishwe juu, na siku ya mvua kubwa mtu asisafiri hata kama kuna ubatizo.

Sasa afya. Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, alifariki kwa homa Mombasa Julai 1844, na mtoto wake mchanga akamfuata baada ya siku chache. Wakati ule dawa mseto ya malaria haikuwepo. Leo ipo, na kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu: vinne, vinne tena zikipita saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Kosa linalofanyika sana ni kuvimeza bila kupima. Katika nchi ya wafugaji, homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya kiuno na viungo yaweza kuwa brusela, ugonjwa ule ule unaotupisha ng'ombe mimba. Mtu hurudia dozi ya malaria mara tatu, anadhoofika, kumbe tiba yake ni antibayotiki za aina mbili kwa wiki sita. Mlango wake mkubwa ni maziwa mabichi. Kuyakataa bomani ni kumvunjia mama heshima. Kuomba chai ya maziwa iliyochemka vizuri si kosa, na mama huipika kwa furaha.

Maji ya lambo yatuame usiku kucha, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo yachemshwe au yatiwe klorini. Ukitia dawa kwenye maji ya matope, matope huila kwanza na vijidudu vinabaki.

Umeme wa jua hufa kwa sababu moja: betri. Ya kawaida ya risasi isishushwe chini ya nusu, na iongezwe maji ya betri, kamwe si ya kisima. Kijiji kizima kikichaji simu usiku, haimalizi mwaka.

Kuhusu Injili yenyewe, mgeni huanza na akina mama na watoto kwa sababu ndio wanaokuja haraka. Wazee wakishaona kuwa ni jambo la wanawake, huliacha hapo hapo. Atangulie kwa laigwanani, kiongozi wa kimila wa Wamasai, aeleze alichokuja nacho, akae asikilize. Vipindi viwe asubuhi kabla mifugo haijatoka au jioni baada ya kukamua, na kiangazi ratiba iwafuate walipohamia. Padri Vincent Donovan, mmisionari Mkatoliki kutoka Marekani, alifanya hivyo Loliondo katikati ya miaka ya 1960: aliwafuata bomani na kufundisha boma zima pamoja.

Faida yake haiandikiki vizuri kwenye taarifa ya robo mwaka. Ni pale mama aliyeanza kisomo akiwa mtu mzima anaposoma zaburi kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, na wazee wananyamaza kumsikiliza. Ni pale olaranyani, kiongozi wa nyimbo, anapoanzisha sifa za Engai, yaani Mungu, kwa sauti ya nyimbo zao wenyewe na wengine wanaitikia, wala hakuna aliyewafundisha tuni ya kigeni. Hakuna harambee inayoweza kununua hilo.

Sadaka huko ni mbuzi, na fedha hupatikana siku ya mnada. Ukame wa 2021 na 2022 uliua mifugo mingi Simanjiro na Longido. Posho inayotegemea kapu la kituo ikafa nayo. Kwa hiyo posho na bima ya afya ya familia zitoke kwenye dayosisi au jimbo, na bajeti ya pikipiki iandikwe na petroli, oili na cheni seti (cheni na sproketi zake) za miaka mitatu.

Na uhamisho. Kimaa cha kuhubiria hakipatikani kwa miezi sita. Anayeondolewa baada ya miaka miwili huondoka wazee wakiwa ndiyo kwanza wameanza kumwita kwa jina, na anayekuja baada yake huanzia salamu.

Mwinjilisti mstaafu,
Orkesumet, Manyara