Kadi za Kusomea Zinaliwa na Panya

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nichangie ile habari yenu ya upungufu wa zana za kufundishia KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, madarasani. Mimi nafundisha darasa la kwanza, na tangu mtaala wa 2015 uliposema la kwanza na la pili tukazanie hizo KKK, tumekata maboksi, tumeokota vizibo vya soda, tumeandika kadi za silabi kwa maka peni mpaka vidole vikawa bluu, sasa shida sio kutengeneza jamani, shida ni kutunza. Zana zinarundikwa kwenye kona, panya wanakula, mchwa wanamalizia, na bati likivuja basi manila yote inakuwa uji.

Na kadi moja tu ikipotea somo linayumba. Chukua kadi ya "ba", ikikosekana mtoto haundi baba, haundi babu, haundi bata, na ndio maneno tunayoanzia.

Mimi naona walimu wakuu watenge hela kidogo kwenye ruzuku wanunue ndoo zenye mfuniko, hata zile za rangi za lita 20 zikioshwa zinafaa kabisa, kila darasa na yake, pamoja na seloteipu pana ya kufunika kadi zisichanike. Halafu watoto wapewe zamu ya kuhesabu kadi kabla kengele haijalia, wa kwangu wananikumbusha wenyewe nikisahau! Kizibo kikibaki mfukoni mwa mtu kinajulikana siku hiyo hiyo.

Mwalimu, Morogoro