Harambee ya wagonjwa wa TB Mererani: dawa ni bure, mtu kakata tamaa

Habari zenu ndugu zangu wa Mererani, mliopo hapa na mliosambaa Arusha, Dar na nje huko, naomba dakika zenu mbili jamani.

TB kwetu mnaijua, mgodini vumbi ni la mwaka mzima na mapafu yakishachoka TB inapata pa kukaa. Dawa zinatolewa bure, miezi 6, sasa kwa nini watu wanaacha dozi? Sisi kikundi cha tuliopona tukizunguka majumbani tunakuta mara nyingi sio usahaulifu wala ukaidi, ni sonona, mtu haoni tena sababu ya kumeza, na akiacha ugonjwa unarudi, wengine unarudi ukiwa sugu, wengine tunawazika.

Juzi nimeenda kwa apolo mmoja, yaani mchimbaji wa mgodini, kijana kabisa, nakuta kikombe chake kimepakwa rangi ya kucha nyekundu kwenye mkono ili wenzie wasikiguse, kiko dirishani peke yake. Jamani TB haiambukizi kwa kikombe, inapita kwenye hewa, na mtu akishameza dawa vizuri wiki kama mbili hivi hatari ya kuambukiza inashuka sana, huyu yuko mwezi wa tatu! Akaniambia dada, nilikuwa nikikojoa naona mkojo mwekundu, nikajua nimeshakwisha. Hakuna aliyemwambia ile rangi ni ya dawa tu. Siku tisa alikuwa hajameza, vidonge kavificha kwenye gambuti lake la mgodini. Nilikaa naye mpaka jioni, nilimsikiliza tu, kesho yake tukaenda kliniki wote akaanza tena, na ile rangi ya kwenye kikombe mama yake mwenyewe ndo aliikwangua na wembe.

Wenye TB sugu ndio usiseme kabisa. Wengine wanapewa saikloserini, dawa inayoweza kumvuruga mtu akili, anasikia sauti, halali, ndugu wanasema karogwa wanamtoa kwenye matibabu wanampeleka kwa mganga, kumbe angesema mapema kliniki daktari angebadilisha dawa.

Tunachoomba ni shilingi 2,400,000 za miezi 6. Mshauri nasaha aje mara mbili kwa mwezi, kila safari 80,000 na nauli yake humo humo, hiyo ni 960,000. Iliyobaki 1,440,000 ni unga wa uji kwa wagonjwa 20, kilo 4 kila mmoja kwa mwezi, maana hizi dawa kwenye tumbo tupu zinatesa na mtu mwenye njaa huwezi kumwambia habari za matumaini. Huyo mshauri pia atatufundisha sisi wenyewe yale maswali 9 ya kupima sonona, ili tumgundue mtu kabla hajaficha vidonge.

Mwenye elfu mbili alete, mwenye unga alete unga, asiye na hela aje tutembee nae majumbani. Tunakusanya Jumapili ya mwisho wa mwezi saa nane mchana, mlio mbali mtumieni mweka hazina, majina na matumizi yote tutayaweka kwenye grupu kila mwezi. Yule kijana kasema na yeye atakuja, anataka awaambie watu mwenyewe habari ya mkojo mwekundu.