Kwa wachora vibonzo wenzangu wa Mwanza: mimi sina mradi

Wazee wenzangu wa nibu na wino, ng'wangaluka.

Nawaandikia ninyi mlioshika kalamu tangu Chakubanga wa Christian Gregory anatuchekesha ndani ya gazeti la Uhuru, na ninyi mliofuata, wakati jarida la Sani likigombewa stendi. Nawaandikia pia watunzi wa hadithi zetu, ambao huwa tunawasahau. Msomaji hukumbuka pua ya mhusika, aliyempa maneno hamjui. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu ugonjwa wetu ni kunong'ona.

Mwezi uliopita nilikuwa mwaloni Kirumba nanunua dagaa, nikakutana na mwenzetu mmoja. Jina namwachia mwenyewe. Zamani kurasa zake zilikuwa zinakatwa na kubandikwa kwenye kuta za vinyozi. Nikamuuliza habari za kazi. "Nimebanwa kaka, kuna mradi wa Dar namalizia." Nami nikajibu kwamba hata mimi nina mradi. Tukaagana kwa heshima kubwa. Nilipofika nyumbani Mabatini nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Sina mradi wowote. Na mkewe alikuwa ameshamwambia mke wangu kwamba mzee hajashika hela ya mchoro tangu mwaka jana. Wazee wawili wenye njaa ya kazi tumesimama tukidanganyana, na pembeni yetu akina mama wanapaza sauti kutaja dagaa zao na bei zake bila aibu hata chembe!

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, mengine ni nyongeza: tuseme kwamba tunatafuta kazi.

Kuna Wamarekani wawili ambao huwa nawafikiria nikikumbuka siku ile ya dagaa. Jerry Siegel alikuwa mtunzi, Joe Shuster mchoraji, vijana wa Cleveland. Mwaka 1938 waliuza haki za Superman kwa dola 130. Mhusika akawa mali isiyohesabika, wao wakazeeka kwa shida. Walikwenda mahakamani, wakashindwa. Ilipofika 1975, Siegel alikuwa karani wa mshahara mdogo Los Angeles, na Shuster, macho yake yakiwa yamefifia sana, alikuwa anaishi na ndugu yake New York. Siegel aliposikia Superman anatengenezewa filamu kubwa, aliandika tamko refu la uchungu akalisambaza kwa waandishi wa habari. Hakupamba neno. Alieleza alichotunga, alicholipwa, na anavyoishi. Wachoraji wenzao wakalibeba, Neal Adams na Jerry Robinson wakiwa mstari wa mbele. Kabla mwaka huo haujaisha kampuni iliyommiliki Superman ilikubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Kesi ilikuwa imeshawashinda, lakini watu walipojua wazee wale wanaishije, kampuni ikaona haya.

Tangu mwaka 2000 huko kwao kuna shirika, Hero Initiative, linalowasaidia wakongwe wa vibonzo kulipa kodi ya nyumba na hospitali, na kuwarudisha kwenye kazi za kulipwa. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. (Tafadhali msianze kuwaandikia barua, hao wana wakongwe wao.)

Sisi tuna mfuko mmoja tu unaokimbia, nao ni wa msiba. Mwaka juzi alipofariki mwenzetu wa Igoma, mchango ulitimia kwa usiku mmoja kwenye simu. Jeneza zuri, basi la kwenda Magu kuzika, wali na nyama. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ananiuliza kama kuna mtu anahitaji picha ya kalenda. Nilimwambia nitamwangalizia, na sikumwangalizia. Hilo nalibeba mwenyewe, ila nadhani simo peke yangu.

Basi tuseme vipi? Usiandike "naomba msaada" kama ulicho nacho ni ufundi. Andika ujumbe mfupi: mimi nachora hadithi za picha, nipo Mwanza, naweza kutoa kurasa nane kwa wiki mbili, hizi hapa kazi zangu tatu. Tatu tu. Mtu akitumiwa picha arobaini hafungui hata moja. Zipige asubuhi kivulini, karatasi ikiwa imelala sawa, si usiku chini ya balbu zikatoka za njano kama mandazi. Ukitaka msaada wa dawa au kodi ya chumba, huo nao uombe, lakini kwa ujumbe mwingine na kwa watu wengine. Ukivichanganya, mwenye kazi atakupa elfu kumi ya pole na kazi atampa kijana.

Na bei itajwe. Neno "utanipa chochote" limetuzika wengi. Taja kwa ukurasa, nusu iingie kabla penseli haijagusa karatasi, marekebisho mara mbili, ya tatu analipia. Taasisi zitakudai TIN, yaani namba ya mlipakodi, na profoma, yaani ankara ya awali, usikasirike ukasema wanakudharau, ndivyo fedha zao zinavyotoka. Watakata kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo yako, wadai cheti chake.

Kazi zipo, nisiwadanganye kwamba ni nyingi. Zile za magazeti tulizozoea ndizo zimekauka. Lakini tazameni ufuo wetu. Chukua kichocho. Mtu anajisaidia kando ya ziwa, mayai yanaingia majini na kuanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinatoka humo vikiwa tayari kuambukiza, vinapenya ngozi ya mtoto anayeoga au mama anayefua. Maelezo hayo kwenye karatasi ya maneno matupu hakuna mvuvi atakayeyasoma. Mpe fremu sita, konokono awe na macho ya kifisadi, mtoto afanane na wa jirani yake, ataisoma na kumsomea mwenzake kwenye mtumbwi. Hiyo ndiyo lugha yetu. Watu wanaoshughulika na maradhi, na walimu wa shule za visiwani, na vikundi vya ulinzi wa rasilimali vinavyopambana na nyavu haramu za makokoro, wote wanabandika mabango. Mengi yamechorwa na watu ambao hawajawahi kuona mtumbwi wa Ukerewe, na mvuvi akiona kasia limeshikwa kinyume haamini tena hata neno lililoandikwa chini yake. Hapo ndipo pa kubisha hodi: "Bango lenu nimeliona, kasia limekosewa, nina mchoro mbadala." Nimejaribu mara mbili. Mara moja nilifukuzwa kwa adabu, mara moja nilipata kurasa kumi na mbili.

Wenye mikono inayotetemeka msijitoe. Sisi tulizoea mtu mmoja kutunga, kuchora, kutia wino na kuandika maneno kwenye maputo. Wenzetu wa Marekani wamezigawa kazi hizo miaka mingi, huyu atunge, huyu wa penseli, huyu wa wino, huyu wa herufi. Tugawe na sisi. Wapo vijana wanaochora kwenye tabuleti kwa kasi ya ajabu, ila hadithi zao zinaishia fremu ya tatu kwa sababu hakuna aliyewafundisha kumfanya msomaji afungue ukurasa. Wewe una hadithi, yeye ana mkono. Andikianeni mapema nani anapata nini, hata kwa ujumbe wa simu. Na usimwite "dogo" mbele ya mteja.

Sasa michoro ya zamani. Hapa nina kidonda. Mchapishaji mmoja wa Dar alininunulia kurasa kwa miaka mingi, nikizituma kwa basi ndani ya bahasha ya kaki. Siku moja nilisaini stakabadhi iliyosema nimepokea malipo ya "mchoro na mhusika". Maneno mawili ya mwisho sikuyasoma, nilikuwa nawahi ada ya shule. Miaka miwili baadaye mvuvi wangu akawa anauza sabuni kwenye kalenda. Someni stakabadhi mpaka chini. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, yaani hata wajukuu wanaweza kula humo, lakini ukishaihamisha kwa saini umeihamisha. Ambazo hukuziuza, zipelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zisajiliwe, siku ya ugomvi itakuwa ushahidi.

Zitoeni kwanza kwenye masanduku. Mnakumbuka tulivyobandika masahihisho kwa uji wa muhogo? Panya wanakumbuka pia. Mwezi wa nne nilifungua sanduku langu nikakuta fremu zote nilizowahi kukosea zimeliwa, na zile nilizopatia mara ya kwanza ni nzima. Nilisikitika, halafu nikaona panya ni mhariri mkali kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi.

Zilizopona ni pamoja na zile za Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama. Nilikuwa nachora kila jioni, watu ufukweni, makaburi ya Igoma. Hakuna gazeti lililozitaka, na sikuzionyesha tena. Wiki iliyopita mjukuu wangu alizikuta mezani akauliza kama ni filamu. Kumbe yupo kijana wa Mwanza asiyejua. Kila mmoja wenu ana sanduku la namna hiyo, la njaa, la ngoma za Kisukuma za Bagika na Bagalu, la soko kabla halijavunjwa. Hizo ni hadithi ndefu zinazosubiri mtunzi, na hakuna mwingine atakayezichora kwa sababu hakuwepo.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa Makoroboi, kwenye ile stesheneri yenye skana kubwa. Kijana wa mashine amekubali kutufanyia bei ya jumla tukifika hata watano. Njooni na bahasha zenu na kitambaa kikavu cha kufutia vumbi. Na wewe wa mwaloni, nitakuwekea kiti. Ukifika usiniulize habari za mradi, maana nimeshakuandikia hapo juu.

Mwenzenu, mzee wa Mabatini