Sekunde tatu za mama mkwe

Nkuhungu, Dodoma

Rehema wangu,

Mbukwa! Sisi wazima, ila vumbi la mwezi huu linatufuata mpaka kwenye sufuria.

Jana kwenye simu ulimsema sana yule dada wa kile kipindi cha televisheni cha watu kuishi nyumba moja, kwamba ana roho mbaya na umemwona kwa macho yako. Nilinyamaza kwa kuwa dakika zilikuwa zinaisha. Sasa nakujibu.

Unaikumbuka ile harusi ya kule mtaa wa Kisasa mwezi wa sita? Video niliikata mimi. Watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, upepo ulipenya chini ya turubai ukampulizia mama wa bwana harusi mchanga, akakunja uso. Sekunde tatu tu. Bibi harusi alipokuwa anaingia sikuwa nimempiga picha mama huyo, basi nikachukua ule uso wa mchanga nikaupachika pale kuziba pengo. Video ilipowafikia ndugu, ikawa mama mkwe hamtaki mkwewe. Walipigiana simu wiki nzima. Na hakuna picha hata moja niliyoitunga!

Sasa hao wenzetu wana kamera kila kona, saa 24, halafu wanarusha kipande cha saa moja tu. Mtu akicheka mchana kutwa na kugomba mara moja jioni, wewe utaletewa ugomvi, tena na muziki wa kutisha juu yake. Maneno yake ya Jumatatu yanaweza kuungwa na ya Alhamisi, likatoka jambo ambalo hakulisema.

Kupamba nako ni hivyohivyo. The Apprentice, kipindi cha televisheni cha watu kushindania kazi kwa Trump, ilipoanza Marekani mwaka 2004, yeye alionekana tajiri asiyekosea. Kile chumba cha kikao alimokuwa akifukuzia watu kilijengwa kwa ajili ya kamera, na mwaka huohuo kampuni yake ya kasino ilikimbilia mahakamani kuomba ilindwe dhidi ya wanaoidai. Mwaka 2024 John Miller, aliyekuwa mkuu wa masoko wa NBC, televisheni iliyorusha kipindi hicho, aliwaandikia Wamarekani kuwaomba radhi kwa kusaidia kumjengea sura ile.

Yeye angalau kaomba. Mimi Kisasa bado sijakanyaga. Video nimeshairekebisha, iko kwenye flashi ndani ya pochi yangu. Ukija Nanenane tutakwenda wote. Wewe ndiye unayejua kuongea na wamama.

Wako,
Neema