Panga lilikuwa la nani?

Nyalenda, Kisumu
Jumapili jioni

Omera,

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Yule makanga wa matatu ya Nakuru aliniletea hadi dukani, imekunjwa ikawa ndogo kama risiti. Pole kwa kioo cha simu, na pole zaidi kwa hayo ya bosi. Ila nisamehe, nilicheka mpaka mteja aliyekuwa akingoja fotokopi akaniuliza kuna nini.

Yaani usiku umfukuze mwizi mwenye panga, wewe mlinzi na rungu tu, umtoe nje ya ua, halafu asubuhi uitwe ofisini ueleze ni nani aliyekuruhusu kubeba panga kazini! Na ushahidi ni mwandiko wako mwenyewe kwenye OB, kile kitabu cha matukio: "I chased the man with a panga." Unaniuliza kosa liko wapi, maana umekagua neno moja moja na hulioni. Hulioni kwa sababu kisarufi halipo. Shida ni kwamba sentensi ina watu wawili na panga moja, na haisemi ni la nani.

Hayo maneno ya mwisho, "with a panga", ndiyo mwalimu alikuwa akiyaita kirai kihusishi: kihusishi mbele, nomino nyuma yake. Kwa Kiingereza kirai kama hicho kinaweza kumng'ang'ania mtu aliye karibu, "the man", au kikamruka kikashika kitenzi, "chased". Kikimshika mtu, mwizi ndiye mwenye panga. Kikishika kitenzi, wewe ulimfukuza ukitumia panga. Anayechagua ni msomaji, na bosi wako alichagua kukuonea. Kiswahili hakituachii nafasi hiyo: "mtu mwenye panga", ni lake, "nilimfukuza kwa panga", ni langu. Ni pale tu unaposema ovyo, "nilimfukuza mtu na panga", ndipo hata soja mwenzako atakuuliza la nani. Nadhani hapo ndipo ulipoteleza. Sisi wa huku "na" tunaibebesha kila mzigo, kama "gi" ya Kijaluo. Kuon gi rech, ugali na samaki, kuja na mtu, kuja na panga, yote tunayatia gunia moja.

Kwa hiyo kabla kalamu haijaandika "with", jiulize kimoyomoyo: ningesema "mwenye", "kwa", au "pamoja na"? Kama ni "mwenye", usiogope kurefusha: "I chased a man who was carrying a panga." Kama kitu ni chako, kitangulize kiwe karibu nawe: "With my rungu in my hand, I chased the man." Hapo hata wakili hapati pa kupenya. Na hilo "with" limeanza ukorofi zamani. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya "dhidi ya". Mabaki yake yapo hadi leo: mtu akisema "I fought with my brother", hujui kama walipigana wenyewe kwa wenyewe au walisimama pamoja kumpiga mtu wa tatu.

Sasa sentensi yako ya pili, ambayo bosi hakuiona kwa sababu ya moto wa ile ya kwanza: "The padlock was cut by the back gate at 8 in the night." Baada ya kitenzi kama "was cut", msomaji anangoja mtenda, na "by" ndiyo inayomleta, kama "na" yetu katika "lilikatwa na". Kwa hiyo umeshtaki geti kwa kukata kufuli. Ulitaka "kando ya geti", ambayo pia ni "by", lakini si mahali hapo. Andika "at the back gate", yaishe. Na saa, omera! Saa nane yetu ya usiku ni "2 a.m." yao. Saa 8 yao ya usiku ni saa mbili yetu, watu bado wanatazama taarifa ya habari. Ukiandika hivyo, bosi anahesabu kwamba ulikaa saa sita kabla ya kupiga simu.

Halafu kuna "I was in the gate." Hapa wa kulaumiwa ni "-ni" yetu. Tunasema getini, mezani, sandukuni, na mtu anaelewa bila kuuliza ni juu, ndani au kando. Kiingereza kinataka uchague picha. "At" ni mahali kama nukta kwenye ramani, huko ndiko ulikokuwa zamu. "On" ni kugusa uso wa kitu. "In" ni kuzungukwa. Ukiwa "on the gate" umekaa juu yake kama kuku, na ukiwa "in the gate" fundi amekuchomelea ndani ya vyuma.

Katika nyakati ni vivyo hivyo, nukta, siku, kisha kipindi kirefu: "at 2 a.m.", "on Monday", "in December". Nakuru yenu ilipewa hadhi ya jiji "on 1 December 2021", lakini ukiondoa tarehe inabaki "in December 2021". Usiku ndio hausikii la mtu. Asubuhi ni "in the morning", jioni "in the evening", ila usiku ni "at night". Ukiutajia siku unageuka tena, "on Monday night". Hilo ni la kukariri tu. Nawe unafanya kazi usiku, kwa hiyo utalikariri haraka.

Kuna jambo nililoligundua nikichapia watu barua hapa dukani. Kiswahili mara nyingi hukificha kihusishi ndani ya kitenzi. Tazama mwizi wako: "alikimbia ua" na "alikimbilia ua". Silabi moja tu, "li", na ameshageuka njia. Kiingereza hakina hiyo "li", kinakuwekea kijineno nje: "he ran from the fence", "he ran to the fence". Na ukikosea kidogo ukaandika "he ran into the fence", basi aligonga ua kwa kichwa. Lakini usije ukazidisha chumvi ukakiweka hata pasipotakiwa. "Reach" haitaki kitu, kama "fika" yetu: reli ilifika Kisumu mwaka 1901, "the railway reached Kisumu in 1901", hakuna "to". Mwenzake "arrive" ndiye anayedai, "at" kwa geti, "in" kwa jiji. "Discuss about" nayo naifuta katika barua za watu karibu kila siku.

Usidhani nakucheka nikiwa nimesimama pakavu. Mwaka juzi mama mmoja alikuja nimwandikie barua kwa mwenye nyumba. Akaniambia kwa Kiswahili safi, "Mwambie nitalipa yote kufikia tarehe 30." Mimi nikagonga "I will pay until 30th". Mwenye nyumba akasoma kwamba mama atakuwa akilipa, akilipa, na ikifika tarehe 30 anaacha. Akaja juu, mama akaja kwangu, mimi nikachapa upya bila malipo na soda nikanunua. "Until" ni jambo linaloendelea mpaka hapo: "I was on duty until 6 a.m." "By" ni jambo litakalokuwa limekwisha ikifika hapo: "I will pay by the 30th." Sisi tuna "hadi" na "mpaka", na mpaka wenyewe ni ule ule wa shamba, kwa hiyo tunasimama ukingoni bila kusema tulifikaje.

Viunganishi sitavimaliza leo, ila viwili vitatu vimejaa kwenye ripoti yako. Umeandika: "The man came he climbed the fence he fell he stood." Ukiisoma kwa Kiswahili ni tamu, akaja akapanda ua akaanguka akasimama, kwa sababu "-ka-" ndiyo gundi, imo ndani ya kila kitenzi. Ukiivusha, gundi inabaki ng'ambo. Lazima uitafute nyingine: "The man climbed the fence and fell, but he stood up and ran."

Tena: "Although it was raining, but I saw him." Sisi "ingawa" na "lakini" huandamana na hakuna anayelalamika. Kwa Kiingereza ukiajiri mmoja umfukuze mwenzake. Ama "Although it was raining, I saw him," ama "It was raining, but I saw him." Kwa mvua hiyo hiyo, ukifuatiwa na sentensi kamili ni "because it rained", ukifuatiwa na nomino tupu ni "because of the rain". Hapa Kiswahili kinakusaidia, "kwa sababu mvua ilinyesha", "kwa sababu ya mvua". Ukisikia "ya", weka "of". Na "because" yenyewe ilianza kama "by" na "cause", sawa na "kwa" na "sababu" yetu. Ila "licha ya" isikudanganye. "In spite of" ina "of", lakini "despite" haina: "despite the rain", basi.

Nimekuandikia ripoti yote upya kwenye karatasi ya pili, uinakili kwa mkono wako. Nimeacha nafasi mahali pamoja, hukusema mwizi aliruka ua upande wa barabara au upande wa mashamba. Jaza kwa "on": "on the road side". Bosi akiuliza tena habari za panga, mwonyeshe "who was carrying", kisha mwonyeshe rungu.

Makanga yule yule anakuletea hii pamoja na omena kilo mbili, zimekaushwa vizuri. Mfuko ni wa mama, mrudishie makanga Jumatano.

Ni mimi,
jirani yako wa zamani